Mwaka wa "Nani Kanasa"

Stefano alinipigia simu nikiwa dukani napanga madaftari, akaniambia dada yake, Otilia, amefariki, na mazishi ni keshokutwa huko kwao Mbaha, ziwani. Nilimpa pole nikangoja aage. Badala yake akakohoa, akasema, "Dada Bene, kuna karatasi. Ameandika historia yake mwenyewe na ametaja msomaji. Ni wewe." Nikamuuliza kama ana hakika, maana mimi na Otilia hatukuwa tumekaa tukazungumza kwa zaidi ya miaka ishirini. Akanisomea kama ilivyoandikwa: "Asome Benedikta. Yeye ndiye aliyeanza kunitangaza, amalizie." Akauliza kama nitakuja au watafute mwingine, kwa sauti ya mtu ambaye angefurahi kutafuta mwingine. Nikasema nitakuja. Kwetu maiti haishuki kaburini mpaka historia yake isomwe mbele ya watu: alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, aliugua nini, ameacha nani. Hapo kwenye "ameacha nani" ndipo wanawake walioinama huinua vichwa, na nilijua wazi kwamba kwa Otilia watainua vichwa hata wanaume.

Kabla sijafunga duka, msiba ulikuwa umeshafika kwenye simu za watu. "Mwimbaji wa injili wa zamani aliyezua utata wa mimba afariki dunia." Hawakuandika nyimbo zake. Hawakuandika kwamba kwa miaka yote hiyo majoho ya kwaya za ziwani alikuwa akiyashona yeye. Waliandika tumbo, tena tumbo la zamani ambalo wengi wao hawakuwa wamezaliwa lilipotangazwa. Nawachukia watu hawa, na sitatafuta neno la adabu zaidi. Siku hizi wana neno lao, kibendi. Wanachukua picha ya msichana aliyekula wali akashiba, wanamchorea duara jekundu tumboni, wanaweka mshale, wanauliza, "Shibe au kibendi?" Akivaa gauni pana, anaficha. Akivaa la kubana, anajianika. Akinyamaza, amekiri, na akikanusha, anajihami. Akijifungua wanahesabu miezi kwa vidole kuona kama inalingana na harusi. Asipojifungua ndipo wanaponogewa kabisa. Naongea kama mtu anayelijua jiko lao, kwa sababu nilipika humo mwaka mzima nikiwa na miaka ishirini na miwili, na chakula cha kwanza nilichopika kilikuwa Otilia.

Tulikuwa wapangaji wa Mama Batilda pale Mbinga mjini, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vinne mbele na jiko la uani. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, kimeegemea jiko, na kati yangu na jiko palikuwa na ukuta wa mabanzi ambao moshi na maneno vilipita vinavyotaka. Otilia alikaa chumba cha pili. Alikuwa amepanda kutoka ziwani na cherehani yake, akashona barazani kwa Mama Batilda, na jioni alikuwa Otilia yule wa kanda, ambayo mwaka ule ililia kwenye kila duka na kila basi kutoka Songea mpaka Mbamba Bay. Watu walikuja kushonesha sketi ambazo hawakuzihitaji ili tu wamwone. Yeye hakujiona staa. Alichumbiwa na mwalimu wa Kihagara, na harusi ilikuwa imepangwa baada ya Pasaka. Tulipika pamoja kwa sababu mkaa wa mmoja ulikuwa unaisha upesi. Mimi Mmatengo nilileta maharage kutoka nyumbani, yeye alileta usipa, wale dagaa wa ziwa, na aliwakaanga na nyanya mpaka wakalia kama karanga ukiwatafuna. Baridi ya Mbinga ilimtesa. Alikula amejifunika kitenge kichwani, akanicheka nilivyokuwa natoa vichwa vya usipa kimoja kimoja. "Ninyi watu wa milimani," alikuwa anasema, "mnataka samaki asiye na uso."

Kazi yangu ilikuwa redioni, kituo kidogo ambacho kimeshakufa, na jina lake silitaji. Nilikuwa na kipengele cha dakika kumi kila mchana kiitwacho "Nani Kanasa". Magazeti ya udaku yalitufikia kwa basi yakiwa na siku tatu, mimi nikayasoma kwa sauti ya kubana pua kidogo, waigizaji na waimbaji wa Dar es Salaam waliopata ujauzito au waliodhaniwa wamepata. Magazeti yale hayakuandika kwamba mtu ni mjamzito. Yaliandika "kanasa", kana kwamba mwanamke alikuwa anakimbia na hatimaye kakamatwa. Sikuwahi kulitafakari neno lile. Nilipenda lilivyogonga kwenye mikrofoni. Nilipenda zaidi kwamba nikienda sokoni na kuuliza parachichi, muuzaji aliinua kichwa na kusema, "Hee, ni wewe wa Nani Kanasa!" Hilo lilinilewesha kuliko pombe, na nalisema waziwazi kwa sababu watu hudhani tunaofanya ukatili huu tunalazimishwa. Bwana Severini, mkuu wetu wa vipindi, hakunilazimisha. Alichosema kwenye kikao cha Jumatatu mwanzoni mwa Kwaresima kilikuwa hiki tu: "Wasikilizaji wamechoka na matumbo ya Dar. Hawajawahi kuwaona wale watu. Nataka tumbo la hapahapa." Nikasema, "Lipo."

Lilikuwepo kwa sababu nililisikia kupitia mabanzi. Siku mbili kabla ya kikao kile, nikiwa chumbani napiga pasi, Otilia alikuwa jikoni na Mama Batilda wanachambua maharage, na nikamsikia akisema taratibu, "Mama, mwezi wa pili huu sijaona siku zangu." Maharage yakaacha kulia kwenye ungo. Kisha Mama Batilda, ambaye kwa kawaida sauti yake ilisikika mpaka barabarani, akajibu chinichini mpaka ikabidi nizime pasi na kubandika sikio: "Nyamaza nayo. Mwambie mwalimu wako na shangazi yako, basi. Wengine wataona wenyewe." Ndivyo ilivyokuwa milimani na ndivyo ilivyokuwa ziwani. Mimba haitangazwi. Wanaopaswa kujua wanaambiwa, na wengine wote wanasubiri macho yao yawaambie, na hata hapo husema tu "hayuko peke yake" na kuendelea na mazungumzo. Mimi nililelewa hivyo. Sikuwa mgeni asiyejua mila.

Nilisoma mchana uleule wa Jumatatu. "Chanzo chetu cha kuaminika kinadokeza kuwa mwimbaji wetu kipenzi wa injili, binti wa ziwani, ambaye harusi yake iko mbioni, kanasa! Je, gauni litafungika?" Leo kila ninapokutana na maneno "chanzo cha kuaminika" nasikia harufu ya pasi ya mkaa. Chanzo cha kuaminika nilikuwa mimi na sikio langu. Niliporudi nyumbani Otilia alikuwa jikoni, redio ya Mama Batilda ikiwa imezimwa juu ya kinu. Alikuwa amepika na ameshanioshea sahani. "Nimekusikia," akasema. "Unasoma vizuri." Nikasema kwamba hatukutaja jina. Akaniangalia kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. "Nani alikwambia?" Nikajibu hakuna aliyeniambia, na kwa namna ya kipuuzi huo ulikuwa ukweli. Tulikula. Asubuhi yake alihamisha jiko lake la mkaa kutoka uani akaliweka mlangoni kwake, na tangu siku hiyo nilikula usipa wa kununua.

Ijumaa ya wiki ile shangazi yake alipanda kutoka Mbaha. Njia ilikuwa ya tope na malori, siku nzima, na aliingia kituoni kwetu na matope mpaka magotini, kikapu cha usipa mkavu kichwani. Nilimsalimu, "Shikamoo, mama." "Marahaba." Hakukaa. "Nimekuja kumwona aliyesema mwanangu amenasa. Samaki ndiye anayenasa. Mwanangu si samaki. Nataka mfute." Alidhani kwamba lililosemwa redioni linafutwa, kama la ubaoni, na kwamba ofisini pale kuna mtu mwenye kifutio. Bwana Severini alimkaribisha kiti kwa heshima zote, akamwambia, "Tutafuta, mama," na wakati wote ule kinasa sauti kilikuwa mezani, taa yake nyekundu inawaka. Shangazi aliondoka ameridhika, akatuachia kile kikapu kama zawadi ya watu wa ofisi. Kisha Severini akanigeuzia kompyuta na kuniambia nikate. Nilikata mbele, nikakata nyuma, nikabaki na sauti ya mama mtu mzima ikisema, "Mwanangu amenasa." Kuanzia Jumatatu hicho ndicho kikawa kionjo cha kipindi. Kilipigwa kabla sijasema neno, kila siku, na watoto walikiimba wakienda shule. Usipa ule tuliula pale ofisini, na mimi nilikula.

Kanisani kwao walimwondoa kwenye kwaya kabla ya Pasaka, na harusi ikasogezwa mbele "mpaka mambo yatulie". Mwalimu alikuja mara mbili akakaa barazani mikono katikati ya magoti. Nilimsikia akisema, kupitia dirishani safari hii, kwamba yeye hana tatizo, tatizo ni wazazi, wazazi wana redio. Kisha ikaja Jumapili ya Matawi. Mama Batilda na wapangaji wengine walikwenda kwenye maandamano, mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa na zamu ya mchana. Nilisikia jina langu. Wiki tano alikuwa hajaniita. "Bene, njoo." Nilichota maji ndoo nne. Tulisikia nyimbo za maandamano zikipita barabara ya juu na kurudi. Kufikia saa sita, watu waliporudi na matawi yao, hapakuwa na mimba tena. Ilitoka yenyewe. Nilikuwepo, na yaliyotokea katika chumba kile sitayaandika. Ninachoandika ni kwamba alinishika kifundo cha mkono kwa mkono uliolowa, akauliza, "Na hili utalisoma?" Nikasema hapana. Akaniachia.

Ahadi ile nilivyoitimiza ni vibaya kuliko kama ningeivunja. Jumatatu nilimfuata Bwana Severini nikamwomba tuachane na habari ya Otilia, imechosha. Akaniangalia, nikanyamaza muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa, na yeye hakuwa mjinga. "Kwani imetoka?" Nikasema sijui. "Ukisema imetoka," akasema, "wa kwanza atauliza nani kaitoa. Unamtafutia polisi mwenzako? Tuendelee tu kuhesabu. Kama haipo, si atakanusha mwenyewe?" Nimeyarudia maneno haya mara nyingi na kila mara naona jinsi mtego ulivyokaa vizuri. Akisema ukweli ataitwa muuaji, asiposema ataendelea kuwa mjamzito wa redio. Na mimi, badala ya kuinuka na kwenda zangu, niliingia studio. Mwezi wa nne: "Tumbo sasa halifichiki." Mwezi wa tano: wasikilizaji walituma ujumbe wa kupendekeza majina ya mtoto. Mwezi wa sita nilisema amepunguza kutoka nje, kwa kweli alikuwa amepunguza, asingeweza kwenda sokoni bila wanawake kumtazama kiunoni kisha kutazamana. Yeye alikuwa anakonda, mimi nilikuwa namnenepesha hewani. Kila mchana shangazi yake alitangulia kusema mwanangu amenasa. Otilia alikaa barazani anashona, kelele za cherehani zikienda haraka mara tu kipindi kilipoanza, na alikuwa hazimi redio ya Mama Batilda wala hamwombi mtu azime.

Oktoba ilipofika, simu za kituoni ziliwaka. "Mtoto yuko wapi?" Sauti za wanawake zilikuwa kali kuliko za wanaume. Mmoja kutoka Chiwanda alisema kule wanajua kamtupa. Mwingine alisema ziwa lina siri nyingi. Severini aliwaacha wote waseme, akanikonyeza kupitia kioo, na mimi nikasema, "Asante mpenzi msikilizaji, tupate mwingine." Nilikuwa na jibu mdomoni. Sentensi moja tu, maneno matatu: ilitoka yenyewe, nilikuwepo. Sikuyasema, nikajiambia nimeahidi kutosema. Wiki ile mwalimu alituma barua, hakuja. Otilia alipakia cherehani kwenye lori la mahindi linaloshuka ziwani, akamuaga Mama Batilda kwa kupiga goti, akanipita mlangoni pangu pakiwa wazi. Hakuolewa, hakutoa kanda nyingine. Desemba niliacha kazi, na nikiulizwa sababu nilisema koo. Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, gulioni Mbamba Bay, kila mmoja ameshaanza mvi. "Bado unasoma?" akaniuliza. Nikamwambia niliacha. "Vizuri," akasema, akaendelea kuchagua nyuzi. Ningeweza kumwomba radhi pale pale kwenye nyuzi. Nilinunua sindano nisizozihitaji nikaondoka.

Kwa hiyo nilishuka Mbaha na gauni jeusi na miwani ya kusomea. Lami inafika Mbamba Bay sasa, kisha vumbi la pwani. Uani kwa marehemu palikuwa na vijana watano wa televisheni za mtandaoni, simu zimefungwa kwenye fimbo, wanapita kwa wafiwa: "Mama, ni kweli marehemu hakuacha mtoto?" Mmoja alinitambua kwa kuambiwa, akanikimbilia na kuniita lejendari. Nilimwambia aniondolee mkono. Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mzee sana, macho yamefifia. Nilipiga magoti nikamwamkia, na aliposikia sauti yangu aliitikia, kisha akakaa ameushika mkono wangu. Stefano akanipa karatasi. Mwandiko wa Otilia ulikuwa mdogo, umenyooka kama mishono yake. Alizaliwa hapa, alibatizwa hapa, alishona, aliimba, aliugua. Niliyasoma hayo kwa sauti yangu ya kawaida, siyo ile ya pua. Nilipofika kwenye "ameacha nani" vichwa viliinuka na zile fimbo tano zikasogea mbele. Nikasoma: "Nilipata mtoto mmoja. Mengine hayawahusu." Hapakuwa na kingine chini yake. Mzee mmoja wa kanisa akasema "amina".

Kesho yake asubuhi tulikuwa jikoni, mimi na shangazi na wanawake wawili waliolala msibani, nikimchambulia usipa. Binti mmoja akaleta simu. Ilikuwa mimi, nimevaa miwani, na chini yangu maandishi mekundu: "Siri yafichuka! Mtangazaji amwaga mtama, marehemu aliacha mtoto!" Sauti yangu ikasema, "Nilipata mtoto mmoja," ikakatika, ikarudiwa, "Nilipata mtoto mmoja," na chini yake ngoma. Maelfu ya watu wasiomjua Otilia walikuwa wameshaanza kumtafuta huyo mtoto na baba yake. Shangazi, ambaye haoni vizuri lakini anasikia kuliko wote, aligeuza kichwa. "Ile ya mwisho wameiweka?"

"Hapana, shangazi. Wameikata."

"Kama ulivyonikata mimi," akasema. Hakupandisha sauti. Nilikuwa nimejidanganya miaka yote hiyo kwamba alidhani ni Severini. Aliendelea kutoa mchanga kwenye usipa, akauweka mmoja kwenye sahani, mwingine, mwingine. Nilisema, "Nisamehe, shangazi," mara ya kwanza katika maisha yangu kwa mtu yeyote wa nyumba ile, na yeye hakusema amenisamehe. Alisema, "Wewe bado una mdomo. Sema hakuitoa. Na ile ya mwisho uirudishe mahali pake. Usiongeze la kwako."

Nimeongeza ya kwangu, kurasa nzima, maana mwaka ule wa aibu ni wangu na nina haki ya kuutangaza. Hapa chini naweka ya kwake tu, kama nilivyoagizwa. Otilia alipata mtoto mmoja. Hakuitoa mimba yake. Mengine hayawahusu.